Ushirikiano wa utafiti wa hempu: shamba la majaribio likiharibiwa, hasara inabebwa na nani?

Katibu wa Kikundi

Wanajukwaa, habari za kazi. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wadogo ambao msimu uliopita tulilima hempu kwa mara ya kwanza, tukiwa na kibali halali. Ninaposema hempu ninakusudia bangi ya viwandani, ile yenye THC (kemikali ya bangi inayolevya) kidogo mno kiasi cha kutoweza kulevya. Sitatumia neno katani, kwa sababu kwa wengi wetu katani ni nyuzi za mkonge, na nisingependa tuchanganyane njiani.

Naomba nieleze yaliyotukuta kabla sijauliza. Mbegu tuliuziwa na wakala aliyetuhakikishia kwa mdomo kwamba ni za aina iliyothibitishwa. Karibu nusu hazikuota. Zilizoota zilichanua kabla hazijafika kiunoni, ilhali tulikuwa tumeahidiwa mabua marefu ya nyuzi. Wiki mbili kabla ya kuvuna wakaguzi walikuja, wakachukua sampuli, na majibu ya THC yakarudi yakiwa juu ya kikomo cha asilimia 0.3. Shamba lote likaamriwa kuharibiwa. Nilikuwepo siku trekta lilipolilaza. Mama mmoja, mwanachama wetu, alisimama kwenye tuta la mpakani akiwa na daftari la palizi mkononi, akawa anahesabu kwa kidole siku alizofanya kazi katika shamba lile. Mpaka leo hajalipwa hata moja. Tulipomrudia wakala, alitujibu kwamba ukame ndio uliopandisha THC, kwa hiyo kosa ni letu sisi tulioshindwa kumwagilia.

Sasa taasisi moja ya utafiti imetufuata. Inaandaa andiko la kuomba ruzuku kwa ajili ya mradi wa miaka mitatu, na inataka barua yetu ya kuunga mkono ndani ya wiki tatu. Wakati huohuo kampuni moja ya usindikaji ipo tayari kuchangia mbegu na sehemu ya fedha, kwa sharti kwamba takwimu zote zitakazotoka mashambani mwetu ziwe mali yake. Wanachama wamegawanyika. Wapo wanaoona kwamba fedha ni fedha na fursa haigongi hodi mara mbili, na wapo walioapa kutoigusa hempu tena.

Ninaomba msaada wa wenye ujuzi. Je, ni kweli ukame ndio ulioharibu zao letu? Utafiti wa namna gani unapaswa kutangulia ili utufae sisi wakulima na si watafiti peke yao? Fedha za nani tuzikubali, na kwa masharti yapi? Na iwapo shamba la majaribio litavuka kikomo kama lile la mwanzo, hasara itabebwa na nani?

Mtafiti wa Mimea

Ndugu Katibu, pole sana wewe na wenzako, hasa huyo mama mwenye daftari. Nianze na suala la ukame, kwa sababu ninaona mmebebeshwa lawama isiyo yenu.

Kiasi cha THC na CBD (kemikali nyingine ya mmea huu, isiyolevya) katika mmea wa hempu hutawaliwa kwanza na urithi wake, yaani mbegu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha mwaka 2021 matokeo ya majaribio ambamo mimea ya hempu yenye CBD nyingi iliwekewa misukosuko ya makusudi, ikiwemo mafuriko na majeraha, na hawakuona kwamba misukosuko hiyo inaisukuma THC juu kwa namna ya pekee. Uwiano kati ya CBD na THC ulibaki karibu palepale. Kinachopandisha THC ni ukomavu wa ua: kadiri maua ya kike yanavyokomaa, CBD inapanda na THC inapanda pamoja nayo, na aina yenye uwiano mbaya itavuka mstari hata ikinyeshewa kila siku. Kwa hiyo wakala aliyewaambia kwamba tatizo ni maji aliwaondoa kwenye swali la msingi, nalo ni hili: mbegu ile ilikuwa ya aina gani, na nani aliithibitisha?

Kuhusu kuchanua mapema, maelezo yake ni mepesi kuliko watu wanavyodhani. Hempu nyingi husubiri usiku uwe mrefu ndipo zichanue. Aina zilizozalishwa kaskazini mwa dunia, ambako mchana wa kiangazi hufika saa kumi na sita au zaidi, zikipelekwa kwenye maeneo yaliyo karibu na ikweta hukutana na usiku wa saa kumi na mbili tangu zinapochipua, na hapo huchanua zikiwa fupi bila kujali mbolea mliyoweka. Aina iliyosifiwa Ulaya kwa mabua marefu inaweza kuwa kichaka kifupi mahali pengine. Hili pekee linatosha kuwa swali la utafiti la msimu mzima, na ndilo ningelitanguliza: jaribio la aina kadhaa za mbegu kwenye eneo lenu, katika vitalu vidogo vyenye marudio manne, zikipimwa siku za kuchanua, kimo, uzito wa mabua na mwenendo wa THC kila wiki tangu ua la kwanza. Si utafiti wa kutangazwa kwenye magazeti, lakini bila huo mengine yote ni kubahatisha.

Kuota vibaya nako kuna sababu inayojulikana. Mbegu ya hempu ina mafuta mengi, na ikihifadhiwa kwenye joto na unyevu hupoteza uhai haraka. Kabla ya kupanda tena, chukueni mbegu 400 bila kuchagua, zigawanyeni katika mafungu manne ya mia mia, mzitandaze juu ya karatasi au kitambaa chenye unyevu, na mzihesabu siku ya saba. Andikeni idadi, tarehe na majina ya waliohesabu. Mtu yeyote anaweza kufanya kazi hii mezani kwake, na inawapa kauli mbele ya muuzaji.

Jambo la mwisho ni sampuli. Mkaguzi akikata kilele chenye maua peke yake atapata namba kubwa kuliko akichukua mmea mzima, kwa kuwa THC imejikusanya kwenye maua na si kwenye bua. Kanuni za Marekani zinaelekeza kukata sehemu ya juu ya shina kuu yenye maua, takriban sentimita 13 hadi 20, ndani ya siku 30 kabla ya mavuno yanayotarajiwa. Umoja wa Ulaya unachukua sentimita 30 za juu. Maabara haipimi THC iliyopo tu, bali pia tindikali yake inayogeuka THC ikipata joto, ambayo huzidishwa kwa 0.877 kisha ikajumlishwa. Aidha, kila kipimo kina kiasi chake cha wasiwasi, yaani kiasi ambacho namba halisi inaweza kuwa juu au chini ya ile iliyosomwa, na kanuni za Marekani zinaitaka maabara ikitaje: shamba lililosoma asilimia 0.35 kwa wasiwasi wa 0.06 linahesabiwa kuwa limefaulu, kwa sababu masafa yake, 0.29 hadi 0.41, yanaigusa 0.3. Je, cheti mlichopewa kilionyesha wasiwasi wa kipimo? Kilionyesha ni sehemu gani ya mmea iliyokatwa?

Niongeze kwamba mstari wenyewe wa 0.3 haukutokana na kipimo cha ulevi. Ulichaguliwa mwaka 1976 na wanabotania Ernest Small na Arthur Cronquist kama njia ya kuainisha mimea, nazo sheria zikauchukua baadaye. Uswisi inatumia asilimia 1, na Umoja wa Ulaya ulikuwa kwenye 0.2 hadi ulipopandisha kuwa 0.3 mwaka 2023. Silisemi hili ili mdharau sheria ya kwenu. Sheria ni sheria. Ninalisema ili mjue kwamba mkulima aliyevuka kwa sehemu ndogo ya asilimia si mhalifu, na mkataba wa utafiti usimtendee kama mhalifu.

Msimamizi wa Ruzuku

Nimefanya kazi ya kusimamia fedha za utafiti wa kilimo kwa miaka mingi, na ninamuunga mkono Mtafiti katika mengi. Mimi nitasema juu ya fedha.

Kwanza, msisaini barua ya kuunga mkono ambayo hamjaona andiko lake. Ombeni andiko zima pamoja na bajeti, si muhtasari. Mkiipata bajeti, nendeni moja kwa moja kwenye mafungu ya matumizi na mtafute jina la kikundi chenu. Nimeona maandiko mengi ambamo mkulima ametajwa mara thelathini katika maelezo na hajatajwa hata mara moja katika bajeti. Maelezo yanasema "wakulima watatoa ardhi na nguvukazi", na hiyo inahesabiwa kuwa mchango wenu wa kulinganisha na ruzuku. Kama ardhi na siku zenu za kazi zina thamani ya kutosha kumwezesha mtafiti apate fedha, basi zina thamani ya kutosha kulipwa, au angalau kuandikwa kwa kiwango cha haki ili mwe na haki ya kuhoji.

Pili, angalieni kalenda. Fedha za umma hutoka kwa mwaka wa serikali, wakati mbegu hupandwa kwa mwaka wa mvua. Ruzuku ikichelewa miezi miwili, mtafiti anaandika barua ya kuomba muda wa nyongeza na mshahara wake unaendelea. Mkulima amekosa msimu mzima, na shamba aliloliacha tupu kwa ajili ya jaribio halikumpa hata mahindi. Wekeni kifungu kinachosema kwamba fedha zisipofika siku kadhaa kabla ya tarehe ya kupanda, kikundi kinarudishiwa ardhi yake kwa msimu huo bila kuvunja ushirikiano.

Tatu, na hili ndilo jibu langu kwa swali lako la mwisho: hasara ya shamba la majaribio ni gharama ya utafiti, kama ilivyo gharama ya kemikali za maabara. Jaribio linafanywa kwa sababu matokeo hayajulikani. Kama tungejua kwamba aina fulani haitavuka kikomo, tusingehitaji kuijaribu. Kwa mantiki hiyo, kumwambia mkulima abebe hasara ya jambo ambalo mtafiti mwenyewe amekiri katika andiko lake kwamba halijui ni dhuluma, hata kama hakuna aliyekusudia kudhulumu. Liwepo fungu la fidia ndani ya bajeti, linalolipwa kwa eneo lililopandwa na siku zilizofanyiwa kazi, bila kusubiri majibu ya maabara. Wapo wafadhili wasioruhusu fungu linaloitwa fidia. Waambieni watafiti waliite kodi ya ardhi ya majaribio na malipo ya vibarua, yalipwe kwa awamu, na mkulima awe amekwisha kulipwa kabla trekta halijaingia.

Historia ya karibuni inaonyesha nini hutokea hatari inapoachiwa mkulima. Marekani ilifungua mlango mwaka 2014 kwa sheria iliyoruhusu vyuo vikuu na idara za kilimo za majimbo kulima hempu kwa utafiti, kisha sheria ya mwaka 2018 ikaitoa hempu kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa. Wakulima walikimbilia maua kwa ajili ya CBD kabla utafiti wa mbegu na masoko haujawiva, bei zikaporomoka. Idara ya Kilimo ya nchi hiyo ilikadiria thamani ya hempu yote iliyozalishwa mwaka 2021 kuwa dola milioni 824. Mwaka uliofuata ilikuwa dola milioni 238. Katika anguko hilo maua pekee yalishuka kutoka dola milioni 623 hadi milioni 179. Walioumia si waandishi wa maandiko.

Kwa upande mwingine ipo mifano ya kuigwa. Mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon kilipata dola milioni 10 kutoka idara hiyohiyo ili kufanya kazi na makabila 13 ya wenyeji wa asili kuhusu utengenezaji wa bidhaa kutokana na hempu. Ninachokipenda katika mpango wa aina hiyo ni kwamba wenye ardhi wamo ndani tangu swali la utafiti linapoundwa, na kwamba fedha zinaelekezwa kwenye bidhaa ya mwisho pamoja na shamba.

Ama kampuni inayotaka takwimu zote, mimi ningeikataa.

Msindikaji wa Nyuzi

Nakuheshimu sana ndugu Msimamizi, lakini hapo mwisho umekwenda haraka. Mimi nipo upande wa usindikaji, na ninaomba wakulima wanisikilize kabla hawajafunga mlango.

Bua la hempu lina sehemu mbili zinazouzwa: ganda la nje lenye nyuzi ndefu, ambalo ni kama robo au karibu theluthi ya uzito wa bua kavu, na kiini cha ndani chenye mti mwepesi, ambacho ndicho kingi. Nyuzi zinakwenda kwenye kamba, vitambaa na vifaa vya ndani vya magari. Kiini kinakwenda kwenye malazi ya mifugo na, kikichanganywa na chokaa, kwenye kuta za nyumba. Mabua haya ni mepesi na yanajaza gari kabla hayajafikia uzito wake. Mtu akiyasafirisha mbali, nauli inameza bei. Kwa sababu hiyo zao la nyuzi haliishi bila mashine ya kutenganisha iliyo karibu na shamba, na mashine haiishi bila uhakika wa mabua ya kutosha kila mwaka. Kila upande unamsubiri mwenzake aanze. Ruzuku ya utafiti pekee haiwezi kuuvunja mkwamo huo, kwa kuwa ruzuku hununua vipimo na ripoti, haijengi kiwanda.

Kisha kuna kazi ya kuozesha, ambayo katika maandiko mengi hupewa sentensi moja. Baada ya kukata, mabua hulazwa shambani kwa wiki kadhaa ili umande na vijidudu vilegeze gundi inayoshikanisha nyuzi na kiini. Ukiokota mapema, nyuzi zinang'ang'ania; ukichelewa, zinaoza na kukatika. Mimi hupima kwa mikono: ninachukua bua, ninalivunja katikati, ninavuta. Ganda likiachia kama utepe mrefu na kiini kikabaki cheupe na kikavu, ninaagiza ligeuzwe na kufungwa marobota. Likikatika vipandevipande, tumechelewa. Rangi pia inasema, kutoka kijani hadi njano na mwisho kijivu chenye madoa. Robota likifungwa na unyevu uliozidi asilimia 15 au hapo karibu, litapata ukungu stoo. Sasa niambieni, katika eneo lenye umande haba au mvua za ghafla, kazi hiyo ifanyweje na kwa siku ngapi? Hilo ni swali la utafiti ambalo mtafiti wa mbegu hatalijibu peke yake, na mkulima hatalijibu bila msindikaji anayepima nyuzi upande wa pili. Kampuni inahitajika ndani ya mradi.

Mfano wangu ni Ufaransa, nchi iliyoendelea kulima hempu wakati nyingine zilipoiacha au kuipiga marufuku. Wazalishaji wa huko wana shirikisho lao tangu mwaka 1932, na shirikisho hilo ndilo lililozalisha aina nyingi za mbegu zinazotumiwa Ulaya leo. Huko Aube, mkoa mmoja wa Ufaransa, wakulima walianzisha ushirika wao wa usindikaji mwaka 1973, ambao ungalipo. Mbegu, shamba na mashine vikawa chini ya mikono inayofahamiana. Najua si kila kikundi kitafika huko, na haikuwa kazi ya miaka mitatu, lakini inaonyesha kwamba fedha za muda mrefu zinaweza kutoka kwenye zao lenyewe, kwa makato madogo katika kila tani, badala ya kusubiri mfadhili kila mzunguko.

Kuhusu takwimu, ninakubali kwamba sharti la kampuni hiyo ni baya. Lakini sharti baya hujadiliwa. Waulizeni wanahitaji takwimu zipi hasa. Msindikaji mkweli anahitaji kujua ubora wa nyuzi, unyevu na tarehe ya kuvuna. Hahitaji kumiliki rekodi za mavuno ya kila mwanachama.

Msimamizi wa Ruzuku

Ndugu Msindikaji, umenirekebisha kwa haki, na ninaondoa neno langu la kuikataa moja kwa moja. Wasiwasi wangu ni huu. Takwimu za mavuno, za THC na za gharama, zikiwa mikononi mwa mnunuzi peke yake, zinamwambia bei ya chini kabisa ambayo mkulima anaweza kuivumilia. Siku ya kupanga bei, upande mmoja unasoma na mwingine unakisia. Kwa hiyo, iwapo kampuni itaingia, naomba takwimu ghafi zikae kwa kikundi na kwa taasisi kwa pamoja, kampuni ipewe zile za ubora wa malighafi iliyoinunua, na matokeo yote yachapishwe ndani ya muda uliotajwa hata kama hayakuipendeza kampuni. Kampuni inaweza kupewa siku chache za kusoma kabla ya kuchapishwa. Isipewe haki ya kuzuia.

Katibu wa Kikundi

Nawashukuru sana. Jana usiku nilisoma majibu haya kwa sauti kwenye mkutano wa kikundi, na sehemu ya kodi ya ardhi ya majaribio niliombwa niirudie mara mbili. Mtafiti, nimekitafuta cheti cha maabara. Kina namba moja tu, 0.41, hakuna wasiwasi wa kipimo na hakuna maelezo ya sehemu iliyokatwa.

Yamebaki maswali mawili. La kwanza, iwapo katika miaka mitatu hii tutachagua mbegu kutoka kwenye mimea yetu iliyofanya vizuri, hiyo mbegu itakuwa ya nani? La pili, sheria ikibadilika katikati ya mradi tufanyeje? Wanachama wanaogopa hilo kuliko ukame.

Mtafiti wa Mimea

Katibu, kipimo cha 0.41 bila wasiwasi wa kipimo ni jibu pungufu, nami ningeandika barua kwa mamlaka iliyowapa kibali kuuliza, kwa adabu na kwa maandishi, hata kama shamba limekwishakwenda. Huenda lisibadilike kwenu, lakini mkulima anayefuata atafaidika na swali lenu.

Kuhusu mbegu: kama aina mliyoipanda inalindwa kwa haki za mzalishaji wa mbegu, hamna ruhusa ya kuizalisha na kuiuza bila idhini yake, na kwa kawaida kuchagua ndani yake ili kutoa aina mpya kuna masharti yake. Kama ni mbegu isiyolindwa, basi uteuzi mnaoufanya ni kazi ya ugunduzi, na mkataba useme tangu siku ya kwanza kwamba kikundi ni mgunduzi mwenza, si mtoa huduma. Mjue pia kwamba hempu huchavushwa kwa upepo na chavua yake husafiri mbali. Mkiweka vitalu vya aina kadhaa karibukaribu kisha mkavuna mbegu, mtakuwa mmevuna mchanganyiko, na mnaweza kuirudisha THC mliyokuwa mnaikimbia. Jaribio la kulinganisha aina na kazi ya kuzalisha mbegu vitenganishwe kwa umbali mkubwa au kwa msimu. Msimamizi atajibu la sheria.

Niongeze neno moja kuhusu hazina ya mbegu. Wakati wa marufuku ndefu ya karne iliyopita, nchi nyingi ziliacha kuhifadhi hempu na aina za kienyeji zikapotea. Taasisi ya Vavilov huko St. Petersburg, Urusi, ni miongoni mwa chache zilizobaki na mkusanyiko mkubwa, na Marekani imeanza upya kujenga wake huko Geneva, jimbo la New York. Kikundi kinachotunza kumbukumbu safi za mmea kwa mmea kwa miaka mitatu kina kitu ambacho wazalishaji wa mbegu wanakihitaji. Msikitoe bure.

Msimamizi wa Ruzuku

Hofu ya wanachama ina msingi. Marekani, ambako wengi walidhani mambo yamekwisha kutulia mwaka 2018, sheria iliyotiwa saini Novemba 2025 imeibadilisha tafsiri yenyewe ya hempu ili ihesabu THC yote, na kuwekea bidhaa za mwisho kikomo cha miligramu 0.4 kwa kila chombo, kuanzia Novemba 2026. Mtu aliyekuwa na mradi wa miaka mitatu uliojengwa juu ya bidhaa za maua analazimika kuupanga upya. Wa nyuzi na wa nafaka wameguswa kidogo tu. Hiyo ni sababu nyingine ya kuanza na nyuzi au mbegu za chakula na kuyaacha maua kwa baadaye.

Katika mkataba andikeni kwamba mabadiliko ya sheria yakifanya jaribio lisiwezekane, mradi unasimama, mkulima analipwa kwa msimu uliokwishaanza, na fedha zilizobaki haziwezi kuhamishiwa kwenye shughuli nyingine bila kikundi kushirikishwa. Mfadhili makini hatalikataa. Akilikataa, mmeokoa miaka mitatu.

Katibu wa Kikundi

Naomba nirudishe mrejesho, kwa kuwa ni haki yenu.

Barua ya kuunga mkono tumeiandika na kuituma, lakini si ile tuliyoletewa tusaini. Tumeeleza kwamba tunaunga mkono jaribio la aina za mbegu kwa msimu wa kwanza, na la kuozesha mabua kuanzia msimu wa pili. Kwamba ardhi yetu ilipwe kodi kwa awamu, ya kwanza kabla ya kupanda. Kwamba takwimu ghafi zikae sehemu mbili. Na kwamba kila sampuli ichukuliwe mbele ya mwakilishi wetu, sehemu iliyokatwa iandikwe, na sampuli ya pili ifungwe na kutiwa muhuri ibaki kwetu endapo mamlaka itaruhusu. Mtafiti mkuu wa taasisi alipiga simu siku hiyohiyo. Alisema hajawahi kupokea barua ndefu hivyo kutoka kwa wakulima, akaomba apewe juma moja kurekebisha bajeti. Kampuni bado haijajibu. Tumewaandikia orodha ya takwimu tulizo tayari kuwapa, kama Msindikaji alivyoshauri.

Waliokuwa wameapa kutoigusa tena hempu hawajarudi wote. Mama mwenye daftari amekubali, kwa sharti kwamba awe yeye mwakilishi wa kusimama na mkaguzi siku ya kukata sampuli. Hakuna aliyepinga.

Tumejaribu pia zoezi la mbegu 400, kwa kutumia mabaki yaliyokuwa kwenye gunia stoo. Ninajua yamekaa miezi mingi kwenye joto, kwa hiyo hayawezi kuwa ushahidi dhidi ya wakala. Tulitaka mikono izoee. Tulitandaza kanga nne zilizolowa juu ya meza ya ofisi, mia moja kila moja, na kwa siku saba hakuna aliyeruhusiwa kuweka hata kikombe cha chai mezani. Asubuhi ya leo tumehesabu watu watatu, kila mmoja kwa zamu yake, tukapata 38, 41, 29 na 44. Tumeandika, tumesaini, na karatasi hiyo ndiyo ukurasa wa kwanza wa faili la mradi.